Uanachama Nilioununua Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na kabla ya saa tatu asubuhi vilikuwa vimenichubua visigino vyote viwili. Nilikuwa nimeteremka kutoka Wundanyi, kwetu Taita, miezi michache nyuma, kumfuata mume wangu aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Klabu ya gofu ilikuwa inatafuta karani. Mkuu wa ofisi, ambaye sote tulimwita Bwana Katibu, alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele zangu. Vyeti vyangu hakuviangalia. Aliniuliza kama naweza kukaa kimya wakati mtu mwingine anafikiri. Nikakaa kimya. Baada ya muda akaniambia nianze kazi.

Klabu yenyewe sitaitaja. Walioko Ukunda wataijua, na wengine haitawasaidia kitu. Mimi niliwekwa meza ya uanachama, na hapo ndipo nilipokaa mpaka nikastaafu, nikibadilishiwa viti na wakubwa tu. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mmekuta kila kitu kimo ndani ya kompyuta, kwa hiyo nitaeleza. Anayetaka kujiunga alikuwa akilipa kiingilio, fedha ya kufunguliwa mlango, ambayo hailipwi tena wala hairudishwi. Kisha kulikuwa na ada ya kila mwaka. Kabla ya yote mawili alihitaji wanachama wawili wa kumpendekeza, na jina lake lilibandikwa ubaoni majuma kadhaa ili mwenye neno juu yake aliseme. Wengine walipita pale ubaoni kila asubuhi kuangalia jina lao kana kwamba litatoroka.

Wote waliuliza swali moja, matajiri na wasio matajiri: je, inafaa kwa gharama ile? Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nawajibu kwa kuwasomea bei. Bwana Katibu alinisikia, akaniita ofisini kwake.

“Bei anaijua, ndiyo maana anauliza,” akaniambia. “Wewe muulize atacheza na nani.”

Ndiyo kazi niliyofundishwa, na sijaona iliyo bora. Gofu huchezwa kwa makundi ya watu wanne, na makundi ya Jumamosi hayabadiliki mpaka mtu ahame au afe. Katika klabu yetu mchezaji aliye peke yake hakuwa na haki uwanjani. Kila kundi lililomjia nyuma ilibidi aliachie njia, asimame kando na fimbo zake mpaka lipite. Kwa hiyo mtu akinitajia watu watatu wa kucheza naye, nilimwambia ajiunge, hata kama bei ilimtoa jasho. Akishindwa kutaja hata mmoja, nilimshauri alipie kwa siku anapojisikia kucheza, na fedha nyingine azipeleke kwingine. Wapo walionikasirikia. Bwana Katibu alikuwa upande wangu siku zote, maana aliona mwanachama mwenye kinyongo barazani huwaharibia chai wenzake wote.

Namkumbuka mhandisi mmoja, mjane, aliyejenga nyumba nzuri Galu baada ya kustaafu kwao bara. Hakuwa na jina la kunitajia. Nilimshauri asijiunge, akajiunga. Akawa anakuja Jumanne, anacheza peke yake, anapisha watu, kisha anakuja kuegemea meza yangu na kuniuliza kama kwetu Taita mvua imenyesha. Mwaka ulipoisha hakulipa tena, na baadaye nikasikia nyumba imeuzwa. Wakati ule nilisema moyoni kwamba huyu mtu hasikii.

Bwana Katibu alipoondoka alikuja Meneja, mama mchapakazi kutoka Nairobi, aliyeleta kompyuta na kupaka ofisi rangi nyeupe. Yeye alitaka tuuze, tusiwahoji watu. Nilimheshimu, na fomu zake nilizijaza vizuri, ila mteja akiniinamia mezani niliendelea kumuuliza lile swali langu kwa sauti ya chini.

Lakini kitu kilichonifanya niipende klabu ile kilikuwa Jumatatu. Jumatatu uwanja ulifungwa kwa wanachama ili nyasi zikatwe na mashimo yahamishwe, na alasiri wafanyakazi na makedi, wale wanaobeba fimbo za wachezaji, waliruhusiwa kucheza. Kila mfanyakazi aliweza kuleta mgeni mmoja. Sharti lilikuwa moja, mgeni asiwe mwanachama, maana zamani walikuwapo wanachama waliojipenyeza kucheza bure. Kundi letu tulikuwa wanne: mimi, Mwanasha wa Wasini, aliyehudumu barazani, Juma wa Munje, msimamizi wa nyasi, na Otieno wa baa. Mipira yangu haikupanda juu hata siku moja, ilitambaa chini, na Juma alisema naisaidia klabu kufagia majani. Mwanasha alikuwa akipiga kwa utulivu mkubwa na buibui lake amelifunga kiunoni, na mara nyingi alitushinda. Mume wangu alipofariki, watu walikuja matanga, wakala, wakarudi makwao. Kilichonishika nisianguke ni zile Jumatatu. Nasema hivyo bila aibu.

Nikastaafu. Kamati ilinifanyia sherehe barazani, na Kapteni wa klabu, ndiye kiongozi wa wachezaji, akatangaza kwamba nikitaka kujiunga nitasamehewa kiingilio na mambo ya ubaoni, nilipe ada ya mwaka tu. Watu wakapiga makofi. Nilidhani ni maneno ya sherehe, nikaenda zangu nyumbani Mwabungo.

Sikujua nyumba inaweza kuwa kimya namna ile. Binti yangu Mghoi ameolewa Kitale, hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa, na watoto wake wananisalimia kwa zamu wakikimbilia kurudi kucheza. Siku nyingine sita nilikuwa nazungumza na redio. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, namjibu nzuri, namuuliza za kwake. Jirani zangu ni watu wema, lakini wana watoto wa kuogesha na biashara za kufungua, na mtu hawezi kugonga mlango wa jirani kila asubuhi kuomba aulizwe ameamkaje.

Mwanasha alinipigia simu mwezi wa pili wa kustaafu kwangu.

“Dada, Jumatatu njoo. Nitakuandikisha mgeni wangu.”

Nilimshukuru nikakataa. Nilimwambia siwezi kuingia klabu ile kwa jina la mtu mwingine, mimi niliyewaandika wanachama wote wanaotembea pale. Akasema haya, kama nipendavyo.

Usiku na mchana nikawa naiwaza ile ahadi ya Kapteni. Ada ilikuwa nzito kwa pensheni yangu. Kuilipa maana yake ni paa la jikoni lingojee, na safari ya Kitale ingojee pia. Nikafanya kama nilivyowafanyia wengine: nikakaa jikoni nikajiuliza nitacheza na nani. Nikajijibu bila kusita. Mwanasha, Juma, Otieno. Majina matatu kamili. Mteja angekuja mezani na jibu kama lile ningemwambia alipe siku hiyo hiyo. Sharti la Jumatatu nililijua, lakini nilijiambia kwangu mimi watalegeza, kwamba mtu aliyeishi pale maisha yake yote atahesabiwa huku na kule.

Nikalipa. Karani mpya, kijana anayeitwa Brian, alikuwa na furaha kuliko mimi. “Shikamoo mathe, sasa uko ndani officially,” akaniambia, akanipa kadi yenye picha yangu.

Jumamosi nikaenda nimevaa vizuri. Makundi yalikuwa yamejipanga. Wanachama walinisalimia kwa uchangamfu, wakaniuliza habari za kupumzika, wakaondoka wanne wanne. Nikakaa barazani. Mwanasha alikuja na trei, akasimama mbali kidogo na meza, akaniuliza Madam atakunywa nini. Nilidhani ananitania. Nikamvutia kiti aketi.

“Siwezi kukaa, dada,” akasema kwa sauti ndogo. “Meneja yupo pale. Hii ni meza ya wanachama.”

Nikajipa moyo kwamba Jumatatu itakuwa yetu. Nilifika alasiri na fimbo zangu nne, zile zile za kuokoteza. Walikuwa pale penye shimo la kwanza, na wa nne wao alikuwa binamu yake Otieno. Juma alinikuta njiani kabla sijawafikia, akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mmeanza bila mimi?”

“Mama, leo ni siku ya wafanyakazi.”

Nikamwambia hilo nalijua kabla yeye hajaajiriwa.

“Heri nikwambie mimi, asije akakwambia mlinzi,” akasema. “Ungekuwa umestaafu tu, ungeingia mgeni wa Mwanasha, hakuna ambaye angeuliza. Sasa umekuwa mwanachama. Mwanachama haingii Jumatatu. Nikikuruhusu wewe, kesho watakuja wote, na siku hii tutanyang'anywa.”

Alisema kweli, na alikuwa na huruma usoni, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza. Nikamwambia nilipita tu kuwasalimu. Mwanasha alinipungia mkono kutoka mbali. Nikarudi mpaka barabarani nimebeba fimbo zangu, nikalia kidogo, nikapanda bodaboda.

Kesho yake nilikwenda kwa Meneja kuuliza kama naweza kujitoa. Alinieleza kwa upole kwamba anayejitoa huhesabiwa mwanachama mpaka mwaka aliolipia uishe. Kanuni hiyo sikuhitaji kuelezwa. Nimewasomea watu wengi, ana kwa ana, wakati wanatia sahihi.

Kwa hiyo mkiniuliza kama kujiunga na klabu ya gofu kunafaa, wapo ambao kunawafaa sana, na nimewaandika kwa furaha. Mimi sikununua gofu. Nilinunua nisionekane nahitaji watu, na hicho sikukiuza pale mezani hata siku moja, sijui nilidhani nitakipata wapi. Laiti ningeitikia simu ile ya Mwanasha.

Ada yangu inaisha Desemba. Mwanasha naye anastaafu mwezi huo huo, arudi kwao Wasini. Huwa nakwenda Jumamosi, maana nimelipa, nakaa barazani. Juzi aliponiletea chai aliinama kufuta meza ambayo haikuwa na kitu, akaniuliza kama nitakwenda Wasini kukaa naye siku chache. Midomo yangu ilikwisha kuanza kusema nitaangalia nafasi.

“Nichukue,” nikamwambia. “Sina pa kwenda.”

Akaniwekea mkono begani, mbele ya Meneja na wote waliokuwapo, halafu meza nyingine ikamwita.