Mtoto Haagwi

Huku kwetu Mkuyuni mtoto mdogo haagwi. Mama akisafiri, anamngoja anogewe na mchezo, kisha anatoroka kwa mlango wa nyuma, kandambili mkononi. Eti mtoto akiagwa atalia, na safari ya machozi haina heri. Miaka yote niliyofundisha chekechea nimeichukia desturi hii. Wao wanaondoka, mimi ndiye ninayebaki na mtoto.

Darasani nilikuwa na binti wa miaka minne ambaye mama yake alikwenda Dakawa kila msimu, kibarua cha kupandikiza mpunga. Alimtoroka hivyo hivyo, akimwacha kwa bibi yake. Basi hata mama alipokuwepo nyumbani, wenzake wakicheza, yeye alikaa kizingitini mwa darasa, macho njiani. Hakuwa mkorofi wala mgonjwa. Alikataa kucheza kwa sababu kila alipocheza, mama alitoweka.

Msimu ulipokaribia nilimfuata yule mama gulioni.

"Safari hii muage," nikamwambia. "Mwambie unakwenda na utarudi. Mwache alie."

"Akilia nitashindwa kuondoka, mwalimu. Tutakula nini?"

Nikanuna, nikaenda zangu. Naye, kwa kuwa hila ya mchezo ilishakataa, akamtoroka mtoto akiwa usingizini. Bibi akaja kuniambia kwamba mjukuu wake sasa anaogopa hata kulala. Asubuhi alikuwa akisinzia palepale kizingitini, akishtuka kila mguu ulipopita. Iliniuma sana.

Kisha siku moja, wiki nyingi baadaye, aliinuka akajiunga na wenzake. Nilifurahi hadi nikamwongezea uji. Nilijua amepona.

Mama yake aliporudi alikuja moja kwa moja shuleni, mfuko wa mchele kichwani. Tulisimama mlangoni tukimtazama mwanawe akicheza, na yule mama akatabasamu.

Watoto walikuwa wanacheza nyumba, na yule binti ndiye aliyekuwa mama. Alimlaza mwanasesere wake wa gunzi la muhindi, akamfunika kwa jani la mgomba, akampigapiga mgongoni taratibu. Halafu akavua kandambili, akazishika mkononi, akaanza kunyata kinyumenyume.

"Mwanangu!" mama yake akaita.

Akageuka. Hakukimbia kuja. Aliweka kidole mdomoni.

"Shikamoo mama," alinong'ona. "Usipige kelele. Akiamka hataniacha niende."

Mama yake alisimama na mchele wake kichwani. Ile shikamoo hakuiitikia.