Babu wa Saba

Mimi sikusoma. Kiswahili nilikiokota sokoni Garissa nikiwauzia walimu na makarani wa bara maziwa ya ngamia. Mkiona maneno yangu yamepinda, yanyoosheni wenyewe.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu, alipata kazi Nairobi ya kuigiza kwenye televisheni. Ni kichekesho cha familia: ploti moja, majirani wa kila kabila, na yeye ni binti wa ile nyumba ya Wasomali. Mwezi wa kwanza nilitazama nikakasirika. Huyo baba yake wa kuigiza kazi yake ni kupiga kelele dukani na kuficha pesa kwenye gunia la mchele. Polisi akipita, anaingia chini ya kaunta, watu wanacheka.

Nikampigia simu. "Hiyo nyumba si yetu. Acha hiyo kazi, rudi."

"Ayeeyo, bibi yangu, ngoja kidogo. Jumapili kuna mambo ya kitambulisho. Tazama hiyo, halafu ukisema nirudi, nitarudi."

Nikakubali hiyo moja tu. Mambo ya kitambulisho nayajua. Mwanangu, baba yake wa kweli, alirudishwa mara tatu, leta cheti cha babu, leta mzee akushuhudie, na wenzake wa bara aliosoma nao darasa moja walichukua vyao wakaenda zao.

Jumapili mwalimu wa bara anayepanga kwangu akaja na kiti chake. Kwenye televisheni, msichana wa jirani akaingia kwa afisa, akapitishwa papo hapo. Zamu ya mjukuu wangu ikafika.

"Babu yako ni nani?"

Walioandika kichekesho walitaka alie hapo, jirani aje amwombee. Alikuwa ameniambia, na alikuwa amebishana nao mpaka wakamwachia ajaribu lake. Hakulia.

"Babu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Kalamu yako ina wino?"

Akaanza kuwataja. Baba, baba wa baba, baba wa huyo, anapanda tu, vile nilivyomfundisha kwetu kijijini Balambala tukikamua mbuzi. Siku hizo akikosea anarudi mwanzo, na chai hapati. Afisa akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena, mwisho akaweka kalamu chini.

Mwalimu akanigeukia. "Mama, mimi baba wa babu yangu simjui hata jina. Na kitambulisho nilipewa bila swali."

"Nyamaza, nahesabu," nikamwambia. Vidole vyangu vilikuwa juu.

Kichekesho kilipoisha tu, simu ikalia.

"Ayeeyo, umeona?"

"Nimeona. Wa saba umemruka."

"Wallahi?"

"Kutoka wa sita ukaenda wa nane. Kenya nzima imesikia, na mzee wa watu umemwacha nje."

Akauliza, kwa sauti ndogo kama ya yule mtoto wa kukamua mbuzi: "Basi nirudi nyumbani?"

"Urudi ufanye nini? Umesimama mbele ya afisa hukuinama. Kaa hapo hapo mpaka umtaje. Na yule baba yako mwambie atoke chini ya kaunta."

Nikakata simu. Mwalimu akauliza mbona natabasamu.

Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.