Uzito Kwanza, Umri Baadaye

Kompyuta ya zahanati ilitaka binti yangu apewe dozi ya mtoto wa darasa la sita. Na haikuonyesha kosa lolote.

Msicheke, haya yamenikuta mwenyewe.

Mtoto alikuwa anachemka homa, kaning'ang'ania shingoni. Nesi akagonga vitufe, akachukua kikombe cha kupimia, akamimina dawa. Akaongeza. Akaongeza tena.

"Dada, mbona nyingi hivyo?"

"Mashine ndiyo imesema, baba. Dozi ya kilo thelathini na sita."

Moyo ukanilipuka. Mwanangu ana kilo kumi na nne. Thelathini na sita ni miezi yake!

Nikaelewa palepale. Programu ya zahanati walitengeneza watu wengine kabisa, ila hesabu ya dozi inaiuliza kampuni ninakofanya kazi, kupitia mtandao. Inaleta uzito, halafu umri, fomula yetu inajibu.

Nikampigia Bishoo, mwenzangu kazini. Jamaa hapendi kitu kikae ovyo.

"Umegusa fomula ya dozi?"

"Nimetanguliza umri tu, kaka. Imependeza! Majaribio yote yamepita."

Lazima yapite. Kwetu alibadilisha kila mahali. Watu wa nje hawana habari, wanaleta namba zao vilevile, na kompyuta haijui ipi ni kilo na ipi ni mwezi. Nilitamani kumzaba kibao kwenye simu.

"Basi narudisha ilivyokuwa!"

"Usithubutu! Na kama wapo walioshafuata mpangilio mpya? Mpya uupe jina lake. La zamani likiitwa, ligome. Lipige kelele!"

Punde skrini ya nesi ikawa nyekundu.

"Baba, mashine imekufa!"

"Afadhali ife. Kabla yetu alitibiwa nani?"

Nesi akatazama mlango.

Nilitoka mbio, mwanangu akilia begani. Mama aliyetutangulia nilimkuta kwenye ngazi za nje, mtoto mapajani, chupa wazi, kijiko mkononi.

"Mama, usimpe!"

"Nimeshampa!"

Nikaivuta chupa kutoka mkononi mwake.

"Ila kanitemea yote," akasema kwa hasira, akijifuta kifua. "Mtoto jeuri huyu!"

Nilikaa chini nikacheka huku nalia.

Fomula yetu ilimeza kila ilicholetewa, kimya. Yule mtoto alikataa, tena kwa makelele. Ukibadilisha kitu wanachokitegemea watu usiowajua, kipe jina jipya, na cha zamani kifundishe kutema.