Pasi Niliyomnyima Jebet

Jebet alizaliwa Rongai, kwa watu wa mahindi, na alijifunza kulenga kwa kurusha magunzi ndani ya debe nyuma ya stoo ya baba yake. Nasema hivi kwa sababu watu wa Nakuru wakimtaja siku hizi husema tu, "Yule msichana aliyepotea." Hakupotea. Nilimpoteza mimi, Akeyo, na leo nitasema, mniite jina lolote mtakalo.

Chuoni tulikaa chumba kimoja. Mimi ni mtoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mdomo mkubwa, hasira karibu. Yeye mpole, ukimkanyaga anakuomba msamaha. Lakini uwanjani, wacha tu. Timu yetu ya mpira wa kikapu ikipata pointi hamsini, thelathini ni zake. Kazi yangu ilikuwa kuuleta mpira mbele na kumpa. Basi. Watu wanashangilia Jebet, Jebet, na mimi napangusa jasho, hakuna anayejua hata naitwa nani. Iliniuma, sitadanganya.

Mwaka wetu wa mwisho vyuo vingine vikamshtukia. Kila mechi anawekewa walinzi wawili, wanamng'ang'ania kama kupe. Kocha wetu, Hiram, akakuna kichwa wiki nzima, akaja na dawa: Jebet aende asimame kwenye kona, mbali na mpira, awavute wale wawili. Sisi wanne tucheze na watatu waliobaki.

"Na wakiacha kumfuata?" nikauliza.

"Ataita jina lako, na wewe unampa hapo hapo," kocha akasema. "Atakuwa peke yake. Hawezi kukosa."

Fikiria, mfungaji bora anaambiwa akasimame kama mlingoti wa bendera. Jebet akasema tu, "Sawa, kocha."

Fainali tulicheza na wasichana wa Eldoret, hapa hapa Nakuru. Viti vya mbele alikaa Madam Chepchirchir, wa kiwanda kimoja cha unga chenye timu yake ya wanawake. Kila mwaka walichukua mchezaji mmoja tu kutoka vyuoni, wakampa kazi na jezi. Sote tulijua amekuja kumwona nani. Asubuhi hiyo Jebet alikuwa ameniambia, "Akeyo, nikikosa hii narudi nyumbani kupalilia."

Dawa ya kocha ikafanya kazi. Jebet akasimama kona na walinzi wake wawili, mimi nikapata njia. Nikafunga. Nikafunga tena. Kwa mara ya kwanza nikasikia uwanja unaita jina langu, na jamani, ni tamu. Kipindi cha mwisho Eldoret wakashtuka, wakamwacha Jebet, wakanijia mimi. Jebet akainua mkono, akaita, "Akeyo!"

Nilimsikia. Nilimwona pia, hana mtu karibu naye. Nikageuza uso, nikarusha mwenyewe, ukaingia. Akaita mara ya pili, akaita ya tatu, nikajifanya kiziwi. Tulishinda kwa pointi mbili. Jebet alimaliza na nne.

Madam Chepchirchir akanichukua mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Jebet kililala kitanda cha pili. Alinikumbatia, akanisaidia hata kufunga mizigo. Nikamwambia, "Pole, kelele zilikuwa nyingi, sikukusikia." Akasema haidhuru.

Hiyo ni miaka mitatu. Siku hizi anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, anaishi Kamere, na jioni anawafundisha kikapu mabinti wa wafanyakazi wenzake kwenye uwanja wa vumbi. Yeye mwenyewe hajacheza tena mechi hata moja. Mwezi uliopita alinialika niwasalimie. Nikaenda na zawadi ya mipira miwili, mnafiki mimi.

Niliwakuta wasichana wanapiga kelele kama wako sokoni. Kila anayetaka mpira lazima amwite mwenzake kwa sauti yake yote, na asipofanya hivyo anazungushwa uwanja mbio. Kulikuwa na mmoja mwembamba, jina lake Wangu, sauti imemkauka kabisa, na bado Jebet anamwambia, "Tena. Sijasikia."

"Wewe na upole wako, huu ukali umetoa wapi?" nikamuuliza. "Mtoto ameita. Hata mimi huku nimesikia."

"Kuita ndiyo kila kitu," akasema, bila uchungu wowote. "Mimi siku ile sikuita kwa nguvu. Nilijiharibia mwenyewe. Hawa sitaki yawapate."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka mitatu amejilaumu kwa kosa langu, tena amelifanya somo la watoto wa watu.

"Jebet," nikasema, "nilikusikia. Mara zote tatu."

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alinitazama, kisha akapuliza filimbi, akawaita wasichana wote wakaja wakamzunguka.

"Leo inatosha," akawaambia. "Wangu, pole. Uliita vizuri."