Singo ya mafuta ya ndimu ilivyoniachia alama za vidole shingoni, posa ikavunjika

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenipata mwilini mwangu, sijasimuliwa na mtu, na waliohusika nawataja. Wakisoma wasome.

Mie ni mama wa miaka arobaini na kitu, mjane, nauza vitunguu sokoni Mbagala. Shule niliishia la saba, mtanivumilia kwenye uandishi.

Alijitokeza mwanaume wa Mbweni, Hamisi, dereva wa lori la mchanga. Alikuja kwetu kwa heshima, posa ikapokelewa, zikabaki kama wiki mbili tufunge ndoa.

Sie watu wa pwani bibi harusi lazima asingwe, hata awe mtu mzima kama mie. Kwa wasiojua, singo ni ule mchanganyiko wa unga wa mti wa liwa, karafuu na maua unaosuguliwa mwilini, ngozi ilainike na inukie. Nikamwita jirani yangu Rukia, ndiye anayesinga wengi mtaani.

Rukia akaja na kichupa, akamimina karibu chote kwenye bakuli la singo.

"Dada, haya mafuta ya maganda ya ndimu, yamekamuliwa hayajachanganywa na kitu. Utang'aa mpaka shemeji asahau kwao."

Nikamuuliza, hayachomi?

"Kitu asilia kitakuchomaje? Ndimu si unakulaga kila siku?"

Akanisugua shingo, mabega na mikono. Akaniambia nisioge, niache iingie.

Asubuhi mzigo wa vitunguu ukashuka. Ningemwachia nani? Nikaenda sokoni na dera langu la mikono mifupi, nikashinda juani.

Kesho yake ngozi inawaka moto. Yakatoka malengelenge. Yalipokauka yakaacha michirizi myeusi, na shingoni, wakuu, ikajichora mikono ya Rukia. Vidole vyote vinahesabika, kama mtu kanikaba.

Wifi Mwanaidi, dada yake Hamisi, akaja kuniona. Chai hakuigusa. Anaitazama shingo tu.

"Wifi, nani huyo kakukaba?"

"Hakuna mtu. Ni singo hii."

"Singo ina vidole?"

Akaaga. Haikupita siku, kwao wote wanajua nina bwana ananipiga.

Nikaenda zahanati. Daktari akaniuliza nilipaka nini na kama nilikaa juani. Akasema kwenye ganda la ndimu kuna vitu ambavyo vikiwa kwenye ngozi, jua likipiga, vinaunguza. Hata maji ya ndimu tu yanaweza, sembuse kichupa kilichokusanya maganda chungu nzima. Alama zitafutika zenyewe, ila taratibu.

Nikamfuata Rukia aje anisemee kwa Hamisi.

"Mie nilikupaka liwa tu, dada. Usiniharibie biashara."

Jamani, mtu kanisugua kwa mikono yake mwenyewe.

Hamisi alipokuja nikamwambia, weka mkono wako hapa. Akauweka shingoni kwangu. Zile alama zote zikapotea chini ya vidole vyake. Ule ulikuwa mkono mdogo wa mwanamke, hata mtoto angejua.

Akautoa mkono.

"Naona," akasema. "Ila dada keshasema, na nyumbani washaamini."

Akachukua funguo zake, akaondoka. Posa ikarudishwa.

Nimekaa nikawaza sana. Zamani bibi harusi akishasingwa hatoki nje. Tulikuwa tunaambiwa ni kwa ajili ya husuda. Sijui kama wazee walijua habari za jua, ila ngozi za watoto wao zilisalimika. Sie tumebeba singo, kukaa ndani tumekuacha, halafu tumeongeza kichupa.

Sijaichukia mimea, liwa napaka mpaka leo. Nilichojifunza, jani ni jani, ila mafuta yake ni nguvu ya majani mengi yaliyobanwa pamoja. Anayekuambia asilia haina madhara, muulize kajuaje. Na ukishapaka kitu cha ndimu, jua likwepe. Rukia bado anasinga watu, na kichupa anacho.

Alama zimefutika sasa. Juzi Hamisi kapiga simu kuuliza kama nimepona. Nikamwambia mie nilipona zamani, yeye aliona kwa macho yake asinitetee kwao, hiyo sijui inatibiwa wapi. Nikakata.

Kama kuna aliyewahi kuungua hivi kwa mafuta au majani yoyote, aandike hapa alipaka nini, wenzetu wenye harusi karibu wasome kabla hawajasingwa.