Gundi ya Panya kwenye Maua Mekundu

Harufu ya tope la ghuba hunirudisha kwenye genge lile kabla sijafumba macho. Houston ni tambarare kama meza, na Mama Mdogo, aliyezoea tangu Kongo kupanda mlimani kuomba, hakuamini kwamba Mungu angemsikia vizuri kutoka kwenye ghorofa zetu za mtaa wa Gulfton. Basi kila Jumamosi ya Septemba ile, mwaka wangu wa kwanza Marekani baada ya kambi ya wakimbizi, alitupakia garini pamoja na akina mama wawili wa kanisani, mwendo wa saa nzima hadi kwenye genge la udongo juu ya maji, kimo chake kama nyumba mbili. Huo ndio uliokuwa mlima wetu. Wao walifunga na kuomba kwa sauti kubwa. Mimi na Esta, binti yake, tuliachiwa njia ya ukingoni. Alizeti mwitu zilituzidi kimo, ndege mwari walipita chini yetu wakiwa wamejipanga mstari, na mbayuwayu walikuwa wakikusanyika kwa safari ya kusini.

Esta alizaliwa hapa. Alikuwa na daftari la ndege, na shuleni aliwaambia wenzake kwamba dada yake wa kambini anakula panya. Sijawahi kula panya hata siku moja. Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Nilitamani mama yake awe mama yangu. Wangu tulimzika kambini, na niliona jinsi Mama Mdogo alivyozisuka nywele za Esta taratibu, akihadithia, na zangu haraka haraka kama mtu anayechelewa kazini.

Kulikuwa na ndege mmoja ambaye Esta alimsubiri Jumamosi tatu na kumwachia ukurasa mtupu: kadogo kuliko kidole gumba, mabawa yakivuma kama nyuki, kanakofuata maua mekundu kunyonya utamu wake. Kambini tulinasa ndege kwa ulimbo wa utomvu wa miti. Hapa nilikwangua gundi ya mtego wa panya uliokuwa chini ya jiko, na Jumamosi ya nne nikaipaka kwenye vijiti vya maua mekundu ya ukingoni. Nilijua ninachofanya. Ndege alipotokea, Esta alinishika mkono kwa furaha, mara ya kwanza tangu nije.

Kisha ndege akatua, na bawa likanasa. Kadiri alivyojivuta ndivyo manyoya yalivyobaki kijitini. Esta alipiga kelele, akina mama wakaja mbio.

“Mama, please, mu-help! Anaumia!”

Mama Mdogo aliangalia gundi, akaniangalia mimi, akacheka. “Ona dada yako! Huyu hata porini hawezi kufa njaa. Weye na kitabu yako, kambini tungekuzika!” Wenzake wakacheka pia. Akamvunja ndege shingo kwa vidole viwili, akajifuta kwenye nyasi, akaniwekea mkono kichwani. Esta alinitazama. Nilitabasamu.

Wakati wa kurudi nilikaa kiti cha mbele. Wiki ile nilisukwa taratibu, na Esta hakutaka tena kwenda kwenye genge. Daftari sikuliona tena.

Sasa njia ile ina uzio, bahari imelila genge, lakini maua huchanua kila Septemba na ndege hupita vilevile. Esta anafanya kazi kwenye ghala kule Mesquite, mbali na Houston. Mama Mdogo ni mgonjwa. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, na mbele ya wageni huniita mwanangu. Siku zile nilikuwa mtoto mwenye njaa ya mama. Leo ni mtu mzima, na kisingizio hicho sina. Mwezi uliopita Esta alipiga simu, akauliza kwa sauti ndogo kama mama yake humuulizia. Nikamwambia hapana, hajawahi. Humuulizia kila asubuhi.