Kibanda Tulichotoka Nacho Kitale

Juzi mchana, hapa Kitale ninapopanga chumba, jirani alimwaga maji ya kufulia juu ya kipande cha bati kilichokuwa kimelala juani tangu asubuhi. Bati lilifoka, mvuke ukapanda, na ile harufu ya kutu ya moto ikanifikia dirishani. Niliacha barua ya maombi ya kazi niliyokuwa nikiisoma kwa mara ya saba, nikatoka nje kuangalia kama kuna mbwa karibu. Hakukuwa na mbwa. Nilizunguka hadi nyuma ya vyoo ili nihakikishe. Nyinyi nawaambia ukweli. Jirani nilimwambia natafuta kandambili.

Nilikuwa na miaka kumi Baba alipohamishwa kikazi kutoka Kitale kwenda Bungoma. Tulipakia kila kitu kwenye lori: vitanda, jiko, kuku wawili ndani ya kikapu, na kibanda cha mbwa wetu, Chifu. Kibanda kile Baba alikijenga mwenyewe, na alikionea fahari. Usiku wa Kitale una baridi inayoingia hadi kwenye mifupa, na mvua ikianza haijui kuacha, kwa hiyo alikipiga mabati pande zote na kuziba kila ufa kwa vipande vya mpira. Aliacha matundu manne tu, ya ukubwa wa kidole, chini ya paa. "Hata Mama Faith angelala humu," alipenda kusema, na Mama alipenda kumjibu kwamba atangulie yeye.

Chifu alikuwa mbwa mkubwa mwenye manyoya mazito ya kahawia. Jina lake lilituletea taabu Bungoma. Wiki ya kwanza Mama alisimama uani akalalamika kwa sauti, "Chifu amekula nyama yote na bado anataka," na jirani wa upande wa pili wa ua akanyamaza kabisa, akisubiri kusikia mengine.

Jirani huyo tulimwita Kukhu, kama wajukuu zake walivyomwita bibi yao kwa Kibukusu. Mbwa wake wawili walishinda chini ya ghala la mahindi, lililoinuliwa juu ya miguu ya miti, upepo ukipita huku na huku. Walikuwa wamechimba vishimo kwenye udongo na kujilaza humo kama viazi. Baba aliwaangalia akatikisa kichwa. Yeye alilelewa akijua kwamba mbwa wa ulinzi hufungiwa alfajiri na kufunguliwa jioni. "Mbwa anayeona watu mchana kutwa anakuwa rafiki wa kila mtu, hata mwizi," alisema. Tulikuwa wageni mjini, hatukumjua mtu, na kila usiku Baba alikagua komeo la mlango mara mbili. Kibanda akakiweka kando ya geti, mahali pasipo hata kichaka, ili Chifu asikie kila anayekuja. Akakitia kufuli, na ufunguo akautundika kwenye msumari jikoni.

Februari ilipofika, na joto la Bungoma si la Kitale, bati lile halikushikika mchana. Nikitoka shule nilimsikia Chifu akihema ndani, haraka haraka, kama mtu anayepiga msasa ubao. Nilianza kuhesabu pumzi zake. Nilizihesabu hata darasani, ambako sikuweza kuzisikia. Jioni akifunguliwa alikimbilia karai la maji na kulimaliza bila kuinua kichwa.

Nilimwambia Baba. "Ni mbwa, atazoea," akasema, akijipepea kwa gazeti. "Si hata sisi tunazoea?"

Jumamosi moja Baba alirudi Kitale kuchukua vitu vyetu vilivyobaki, na Mama akaenda sokoni. Nilibaki peke yangu na pumzi zile. Nikapata wazo. Nilichukua blanketi, nikalilowesha, nikalitandaza juu ya kibanda. Bati likafoka, na hapo ndipo nilipoijua ile harufu. Blanketi lilining'inia pande zote hadi karibu na ardhi, nami nikafurahi, nikidhani kivuli kimekuwa kikubwa zaidi. Sikufikiria kwamba nilikuwa nimeziba matundu yote manne. Mle ndani, pamoja na joto, sasa kulikuwa na mvuke usio na pa kutokea.

Baada ya muda pumzi zikapungua. Nilidhani amepoa. Kisha nikasikia kucha zikikwaruza bati, mara mbili, polepole. Halafu kimya.

Nilikimbia jikoni nikachukua ufunguo. Hapa naomba mnivumilie. Nilisimama mbele ya kufuli, ufunguo mkononi, na sikufungua. Baba alikuwa amesema asifunguliwe mpaka arudi. Nikawaza, akitoka atamuuma mjukuu wa Kukhu. Nikawaza, atakimbilia barabarani. Tena pengine amelala tu, nami nitakuwa nimevunja amri bure. Kila wazo lilizaa lingine, na jua lilinichoma utosini, na sikusogea.

Geti likalia. Alikuwa Kukhu, ametuletea fungu la kunde.

"We mtoto, unasimamia nini hapo kwa jua?"

"Chifu amenyamaza."

"Amenyamaza namna gani?" Aliacha kunde zianguke, akavuta blanketi, akaweka kiganja juu ya bati na kukiondoa mara moja. "Ati mnapika mbwa? Ufunguo iko wapi?"

Ufunguo ulikuwa ndani ya ngumi yangu, na ngumi ilikuwa imekwishaingia mfukoni mwa sketi. "Sijui," nikasema.

Hakuuliza tena. Jembe la Mama lilikuwa limeegemea ukuta. Alilichukua akapiga, na pigo la tatu likang'oa komeo pamoja na kipande cha mlango. Chifu alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, macho wazi lakini hayatazami chochote. Tulimburuta hadi kwenye migomba nyuma ya bafu, ambako maji ya kuoga yaliweka udongo baridi siku zote.

"Leta maji. Mwagia tumbo na miguu. Usimfunike na kitu."

Nilikimbia na ndoo hadi nikapoteza idadi. Kukhu alimpepea kwa jani la mgomba, akimsemesha kwa Kibukusu, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mtoto aliyekataa kula. Kisha akaniuliza, bila kuacha kupepea, "Huyu akikufa, utaambia baba yako nini?"

"Nitamwambia yeye ndiye alisema asifunguliwe."

"Sawa. Na mbwa utaambia nini?"

Nilimwaga maji. Muda mrefu hakuna kilichobadilika, kisha ncha ya mkia ikasogea kidogo, ikatulia, ikasogea tena. Alitapika. Mama aliporudi kutoka sokoni, Chifu alikuwa ameinua kichwa, akilamba maji kiganjani mwa Kukhu.

Jioni Kukhu alimngoja Baba getini. "Baba Faith, hii nyumba ya mbwa umejenga vizuri sana," alimwambia. "Lakini ni ya Kitale, bana. Hapa itaua." Baba alishukuru, akaingia ndani, hakula.

Kesho yake, baada ya kanisa, jua likiwa utosini, alikwenda kwenye kibanda bado amevaa tai. Akapiga magoti, akatambaa ndani, akakunja miguu. "Funga," aliniambia. Niliegemeza ule mlango uliovunjika, nikaanza kuhesabu. Nilifika tisini na kitu. Alitoka kinyumenyume, shati limemganda mwilini, akaketi chini na kutazama ardhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na hakufanya mzaha wowote.

Jumatatu alianza kujenga kingine, chini ya mparachichi nyuma ya nyumba: miguu minne kama ya ghala la Kukhu, sakafu ya mbao, paa la nyasi, bila kuta wala mlango. Kando yake akazika nusu ya mtungi wa udongo ili maji yasipate moto. Chifu alikagua kazi yote, kisha akaenda kulala chini ya sakafu, kwenye udongo. Wala hakuwa rafiki wa wezi. Aliendelea kumbwekea kila mtu isipokuwa Kukhu.

Siku hiyohiyo Mama alifua sketi yangu. Jioni Baba aliniita chini ya mparachichi. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake. Nilingoja kiboko.

"Siku nyingine usiningoje," alisema. Akautia mfukoni, akaendelea kufunga nyasi.

Maneno hayo nimeyageuza miaka mingi, usiku na mchana, nikitafuta ndani yake adhabu yangu. Nilikuwa nimekwishamaliza chuo nilipoelewa kwamba yeye, alipoletewa ufunguo uliotoka mfukoni mwangu, hakujiuliza kwa nini mtoto wake alidanganya. Alijiuliza amemfundisha nini, hata akasimama na ufunguo mkononi huku mbwa anakufa.

Chifu aliishi miaka mingine sita, na Baba hakumfungia tena mbwa yeyote. Tangu wiki ile, kila alipotoka asubuhi na mimi nikauliza nifanye nini iwapo hivi au vile, alinijibu, "Utaona mwenyewe." Nami nilidhani bado amekasirika.